Hakuna Mtu Nyumbani

Hita aliyoniletea Rókur kutoka Tórshavn
haina kifundo wala swichi.
Ina jicho moja tu, jekundu, ukutani juu ya saa.
"Hutagusa kitu, mama. Yenyewe inajua."

Inajua.
Siku ya tatu nimekaa kitini nafuma soksi,
ile ya kushoto imeshafika kisigino,
nyumba ikaanza kupoa kama uji uliosahauliwa.
Nikasogeza miwani, nikasoma kioo chake:
Hakuna mtu nyumbani. Nyuzi kumi na moja.

Nani basi anayefuma?

Nikainua mkono, nikapunga.
Jicho likapepesa, joto likarudi likinung'unika.
Nikakaa. Nikahesabu vitanzi ishirini na vinne,
likanifuta tena.
Mwanamke wa miaka sabini na tisa
anapungia kuta zake mwenyewe mikono
kama anayefukuza nzi, na nzi hawajazaliwa bado.

Nikawasha kompyuta, nikalalamike kwa wenyewe.
Fungua akaunti. Weka nenosiri.
Nikaweka jina la kondoo wangu wa kwanza: dhaifu.
Nikaongeza mwaka aliozaliwa: bado dhaifu.
Hukumjua wewe. Alimsukuma mbwa mtoni.

Kisha: thibitisha kwamba wewe si roboti,
chagua picha zote zenye taa za kuongozea magari.
Kisiwa hiki kina barabara moja,
inaanzia gatini, inaishia kwa Heðin,
na kinachosimamisha gari ni bata bukini.
Taa ningeijulia wapi?
Nikagusa nguzo. Nikagusa mti uliofanana na nguzo.
Umekosea. Sasa pikipiki. Umekosea. Sasa ngazi.
Ngazi nazijua, nimepaka rangi paa hili mara nne.
Nikakosa hata ngazi.

Wakanihurumia, au walichoka.
Wakasema wametuma namba ya siri kwenye simu,
uhai wake dakika tano.
Kompyuta ina waya wake. Simu haina,
na mawimbi ya simu hayaingii nyumba za huku.
Yanakaa juu makaburini,
jiwe la tatu kutoka langoni, ukitazama kaskazini.

Nikavaa buti, koti, skafu, nikapanda, upepo usoni.
Simu ikalia: nne, saba, saba, sifuri, mbili, tisa.
Nikashuka nikizitamka, tarakimu moja kila hatua.
Marjun akafungua dirisha, "Kulikoni, Sunnvør?"
"Sifuri, mbili, tisa," nikamjibu,
akafunga dirisha taratibu.
Nikafika nahema.
Namba ilikuwa imekufa.

Nilipanda mara tatu.
Mara ya tatu sikushuka upesi.
Nikakaa kando ya Jens Pauli,
miaka sita amelala pale na hajaulizwa kitu.
Nikamwambia, wewe angalau
ukisemwa hupo, kweli hupo.
Upepo ukanipiga skafu mdomoni, nikaacha maneno hayo.

Wiki iliyofuata kondoo jike akafa akizaa,
akaniachia mwana mweusi, masikio yamelegea.
Nikamwingiza ndani, nikamtandikia gunia,
nikamnywesha maziwa kwa chupa.
Hakulala. Alizunguka meza,
akapanda sofa, akashuka, akakiruka kivuli chake,
akagombana na mguu wa kiti hadi alfajiri.
Jicho likawaka.
Likabaki limewaka.
Nyuzi ishirini na moja, usiku kucha!
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila huyu wangu ana kwato na anakojoa kwenye zulia.

Jumapili Rókur akapiga simu ya mezani.
"Mama, hongera, naona yote huku kwangu.
Siku hizi hutulii, hata saa tisa za usiku unatembea.
Lakini usijichoshe."

Nikageuka. Mwanakondoo alikuwa anatafuna soksi,
ile ya kushoto, ameshafika kisigino.

"Haya," nikasema. "Nitajaribu kupumzika."